Chungu cha Wahopi: usikioshe kwanza

Dada, nimekuelewa. Umenunua Phoenix chungu cha manjano kilichoandikwa "Fannie Nampeyo" kitakoni, muuzaji kakuapia ni cha ukoo wenyewe wa Nampeyo, wafinyanzi mashuhuri wa Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, na sasa unataka ukioshe, utie maua. Tafadhali, maji yasikiguse! Vyungu hivi havipakwi utando wa kung'aa kama kioo. Huchomwa nje kwa mavi ya kondoo, na rangi nyeusi ya michoro hutokana na majani yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Changu nilikifuta kwa kitambaa chenye unyevu, mstari mmoja ukaondoka nacho. Brashi laini, kavu, inatosha.

Kuhusu ukoo: Nampeyo mwenyewe, mfinyanzi wa kijiji cha Hano kule First Mesa, Arizona, alifariki 1942 na hakuwa na kawaida ya kutia sahihi. Fannie ni bintiye, naye alisaini. Ila sahihi huigwa, kwa hiyo pitisha vidole ndani ya chungu. Vyungu halisi hufinyangwa kwa kamba za udongo, bila gurudumu, na mara nyingi utahisi mawimbi yasiyolingana. Ukikuta mifereji iliyonyooka mzunguko mzima, tia shaka. Madoa ya rangi ya chungwa ubavuni si kasoro, ni moto ulipolamba.

Ufa usiuzibe kwa gundi ya dukani. Ukitaka kukiuza au kukikatia bima, tafuta mthamini wa sanaa za wenyeji wa Marekani, asiwe yule anayekitaka yeye. Na ukiletewa kilichochimbuliwa kwenye magofu ya Sikyatki, ambako Nampeyo alichota mitindo yake, kimbia. Hiyo ni kesi.