Usiulize stili gani ngumu kuliko zote: ushauri kwa mnaoanza kazi ya dai na panchi

Wengi mkitoka tu poly mkaletwa wokshopu kwa atachimenti swali la kwanza ni lile lile, eti stili gani ndio ngumu kuliko zote, na mimi huwa sijibu juu hilo swali litakupeleka kubaya. Panchi ndio ile inashuka na presi kukata shiti, dai ndio ile yenye tundu inayoipokea chini, sasa uliza hivi, hii dai itaharibika vipi? Italika polepole, itameguka makali, itapasuka katikati ama itaharibiwa na joto? Ukishajua hiyo, kuchagua stili sio ngumu sana, na usipojua utanunua ya bei kali na bado ikurudie ikiwa vipande viwili.

Mahali pa kujifunza ni kwa panchi iliyotolewa kwa presi. Usiitupe na usikimbilie kuinoa. Ipanguse mafuta, isogeze karibu na taa, izungushe polepole uangalie makali pekee. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa umezunguka pande zote na kona imekuwa duara kidogo, hiyo imelika tu kwa kazi, imefanya vizuri, na kama unataka ikae zaidi ndio unaweza kufikiria stili yenye kaboni na kromiamu nyingi. Ukiona imeng'atwa vipande vidogo vidogo hiyo ni ngumu kupita kiasi kwa kazi yake ama inagongana na dai. Na ukiona makali yamelala ama kichwa kimetanuka, hiyo ilikuwa laini, haikukazwa vizuri tangu mwanzo. Na ikimeguka upande mmoja tu usilaumu stili hata kidogo, angalia kwanza kama panchi imekaa katikati na nafasi kati yake na dai iko sawa pande zote. Kwa shiti ya maildi stili ya milimita 1 nafasi huwa kama milimita 0.05 hadi 0.1 kila upande, sasa kama huku ni 0.15 na kule inagusa, hakuna stili duniani itakusaidia.

Haya, majina. Ukienda kwa wauzaji wa stili Industrial Area, Nairobi, utachanganyikiwa juu kila mtu ana jina la kwao. D2 ya Wamarekani kwa Wajerumani ni 1.2379, Wajapani wanaita SKD11, kampuni ya Böhler wanaandika K110, na zote ni karibu kitu kimoja, kaboni kama 1.5% na kromiamu kama 12%. Ile inafanana nayo na watu huichanganya ni D3, nayo ina kromiamu ile ile 12% lakini kaboni inafika 2%, inavumilia kulika lakini ukiigonga inameguka haraka. Kwa hivyo muuzaji akikuambia tu "hii ni ya twelvu pasenti" bado hajakuambia kitu. Na usidhani juu ya hiyo kromiamu haitashika kutu, sehemu kubwa imejifunga na kaboni kutengeneza zile chembe ngumu, kwa hivyo ukiiacha wazi msimu wa mvua utaikuta nyekundu.

Anza na O1. Hii nasema kwa mtu yeyote mgeni na watu wengine hunibishia lakini sibadilishi. Inachongeka vizuri, inakazwa na oili, na joto lake la kukazia ni la chini, kati ya nyuzi 790 na 815 za Selsiasi, kwa hivyo hata tanuri dogo linaiweza. Kaboni yake ni kama 0.9%. Kwa panchi ndogo, geji, dai ya kazi isiyo nyingi, inatosha kabisa. D2 ingoje mpaka uwe na tanuri linalopima joto vizuri.

Na hapa ndio pesa nyingi zinapotelea, kwa kukaza, yaani kupasha stili moto mkali halafu kuipoza haraka iwe ngumu. Kuna watu wanapasha moto, wanagusisha sumaku, ikikataa kushika wanachovya. Kwa O1 hiyo inakaribia ukweli, juu chuma kinaacha sumaku kwenye 770 hivi, ukiongeza kidogo umefika. Lakini ukifanya hivyo na D2 umejidanganya, yenyewe inataka kama 1010, na inataka ikae hapo mpaka zile chembe ziyeyuke kiasi, sasa ukiitoa kwa kipimo cha sumaku itatoka laini halafu uanze kusema uliuziwa feki. Kosa lingine ni kuichovya kwa maji ati ikaze zaidi. Hapana! D2 na stili nyingine inaitwa A2 zinakazika kwa hewa tu, O1 kwa oili yenye uvuguvugu kama nyuzi 50 au 60, ukizitia maji unasikia tu "ti" na hiyo kazi imeisha.

Ikitoka kwa oili iko kama glasi. Usiiweke kwa benchi uende lanchi. Ikipoa mpaka unaweza kuishika kwa mkono bila kuungua, iingie oveni ya kutempa saa hiyo hiyo, yaani kuipasha tena kwa joto la chini isivunjike kirahisi. O1 ukiitempa kwa nyuzi 200 hivi itabaki karibu 60 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, ukipandisha joto ugumu unashuka lakini inavumilia kugongwa zaidi, na D2 tempa mara mbili, ipoe kabisa katikati. Ile panchi niliyosema inamegukameguka mara nyingi haihitaji stili mpya, inahitaji tu kutempwa juu kidogo ishuke pointi mbili.

Ngozi nayo. Stili ikikaa kwa moto mkali bila kufunikwa, kaboni ya juu juu inachomeka inabaki ngozi laini, na mtu akijaribu na tupa anaona inang'ata anasema haikukaza. Funga na foili ya stenlesi kabla ya kuingiza, ama kama huna acha nyama, yaani unene wa ziada, utakaousaga baadaye kwa grainda, halafu jaribu tupa tena, ikiteleza bila kung'ata basi iko sawa. Nyama yenyewe uiache tu hata kama umefunga, juu ikikazwa vipimo husogea. Na stima ikipotea katikati wacha ipoe ndani ya tanuri uanze upya, usiitoe ikiwa imepoa nusu.

Kona kali za ndani ni adui, hizo ndizo mahali ufa huanzia wakati wa kuchovya. Weka redio, yaani kona ya mviringo, hata ya nusu milimita. Na namba ya kazi usiigonge karibu na makali.

Kazi za joto ni dunia ingine. Moldi ya kupiga aluminiamu kwa presha inatumia H13, kaboni yake ni 0.4% tu na wanaiacha kwenye 44 hadi 50 ya Rockwell, mtu akisikia anasema hiyo ni laini, lakini pale shida sio kulika, ni kupashwa na kupozwa kila dakika mpaka nyufa ndogo kama wavu zinatokea usoni. Ndio maana moldi hupashwa kwanza kabla ya kumwagiwa. Wale wanaomwaga sufuria kwa mchanga Kariobangi hawahitaji hiyo kabisa.

Moldi za plastiki, tumia P20, inakuja ikiwa imeshakazwa kiasi, kama 30 ya Rockwell, unachonga unafunga unaanza kazi. Isipokuwa PVC, hiyo hutoa asidi, tumia stenlesi ya 420.

Vipande vya chuma chakavu vya Gikomba sikatazi, springi za magari zinatoa tindo safi sana, lakini usitengeneze nazo dai ya mteja. Ukishuku kipande kiguse kwa grainda mahali pa giza na uweke kando kipande unachokijua cha kulinganisha. Maildi stili hutoa cheche ndefu zenye nyota chache, ya kaboni nyingi kama O1 nyota zinajaa, D2 cheche ni fupi, na haispidi, ile stili ya drili, zina wekundu hafifu na nyota karibu hakuna. Na ukinunua baa nzima, kata kutoka upande usio na rangi wala stempu, kipande cha mwisho kibaki na jina lake, juu lile rundo la vipande visivyo na jina pale chini ya benchi hakuna mtu atawahi kukuambia ni nini.