Makoloni 13 yalijionaje kuwa taifa moja?

SWALI: Shuleni tulifundishwa kuwa makoloni 13 ya Waingereza kule Amerika yaliungana kwa sababu ya kodi. Lakini kila koloni lilikuwa na gavana na bunge lake. Je, kodi peke yake ilitosha kuwafanya wajione Wamarekani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Haikutosha. Mwaka 1754, kwenye mkutano wa Albany, Benjamin Franklin alipendekeza serikali ya pamoja. Mabunge ya makoloni yakaikataa, na London nayo haikuitaka. Hata fedha hazikulingana. Dola moja ya Kihispania ilihesabiwa shilingi 6 Boston, shilingi 7 na peni 6 Philadelphia, na shilingi 8 New York.

Posta na magazeti ndivyo vilivyoanza kuwaleta karibu. Wachapishaji walipelekeana nakala na kunukuu habari za wenzao, kwa hiyo ya Boston yakasomwa hadi Charleston. Kisha ikaja Sheria ya Stempu ya 1765, iliyotoza kodi magazeti, hati za mahakama, leseni, hata karata. Yaani London ilichokoza wachapishaji na wanasheria kwa mpigo mmoja! Oktoba mwaka huo makoloni 9 yakatuma wajumbe New York, ingawa bado walidai haki zao kama Waingereza.

Mambo yalibadilika hasa 1774. Bandari ya Boston ilifungwa kama adhabu baada ya wapinzani wa kodi ya chai kumwaga makasha 342 baharini. Wengine hawakuitenga Boston: South Carolina ilipeleka mchele, Connecticut kondoo. Septemba, makoloni 12 yakakutana Philadelphia (Georgia haikuja) na kukubaliana kususia bidhaa za Uingereza. Chai yoyote kutoka India Mashariki ilikuwa marufuku kabisa kuanzia 1 Machi 1775. Kila wilaya na mji ulichagua kamati ya kusimamia, na mkaidi alitangazwa jina gazetini. Kwangu mimi, kamati hizi zilifanya kazi kuliko hotuba zote: mama wa nyumbani Virginia aliacha chai akijua kuwa huko Massachusetts, watu asiowajua wameiacha pia.

Ila makoloni ya Uingereza yalizidi 13. Nova Scotia na Jamaika hazikujiunga. Na watumwa hawakuhesabiwa katika umoja huo.

Uhuru nao haukumaliza kazi. Chini ya Mkataba wa Shirikisho, yaani katiba ya kwanza ya Marekani iliyoanza kutumika 1781, kila jimbo (koloni la zamani) lilikuwa na kura moja, na Kongresi, bunge la pamoja, haikuweza kutoza kodi. Ilibaki kuyaomba majimbo fedha, nayo yakachelewesha au yakanyamaza. Ndipo wajumbe wakarudi Philadelphia 1787 kuandika katiba mpya.