Oili ya Sintetiki, Baridi ya Timboroa na Muda wa Kubadilisha Oili: Ushauri kwa Wanagenzi wa Gereji

Mwanagenzi anayeanza kazi katika gereji za Nakuru huulizwa maswali mawili na wateja kabla hata hajazoea kushika spana: je, oili ya sintetiki (ile iliyoundwa kiwandani kwa usindikaji wa kikemia) inafaa gari langu, na nikiiweka nitaenda kilomita ngapi kabla ya kuibadilisha? Maswali haya huulizwa kwa pumzi moja, na muuzaji wa oili naye hupenda kuyajibu pamoja, lakini kila moja lina jibu lake. La kwanza hujibiwa na muundo wa injini pamoja na hali ya hewa. La pili hujibiwa na kazi ambayo gari linafanya, na ndilo ninalotaka mlielewe zaidi, kwa kuwa nimefungua injini nyingi zilizokufa zikiwa na oili ya bei ghali ambayo mwenyewe aliiacha humo muda mrefu mno kwa kuamini maandishi ya kopo.

Tuanze na namba zilizoandikwa kwenye kopo. Katika 5W-30, namba inayotangulia W inahusu oili ikiwa baridi, na ile inayofuata inahusu oili ikiwa imepata moto, kipimo kikichukuliwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa kanuni za SAE, jumuiya ya wahandisi inayopanga madaraja haya, oili ya 5W hupimwa kama itaruhusu injini izunguke kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 15W kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hakuna mji wa Kenya unaofikia baridi ya namna hiyo, na ndiyo sababu mafundi wengi husema kwamba namba ya kwanza ni ya Wazungu na haituhusu. Hapo ninatofautiana nao. Oili haihitaji kuganda ndipo ichelewe kufika inakotakiwa. Hata kwenye nyuzi 40 juu ya sifuri, 5W-30 ya kawaida sokoni huwa na mnato (uzito wake wa kutiririka) wa sentistoki 60 hadi 70 hivi, ilhali 20W-50 hupita 150, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo pengo hilo linavyopanuka. Timboroa iko takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na Molo takriban mita 2,500. Gari lililolala nje huko mwezi wa Julai huwashwa alfajiri likiwa na baridi ambayo dereva wa Kisumu, aliye kwenye mita 1,150 hivi, haijui kabisa.

Ukipata nafasi, simama kando ya gari la namna hiyo linapowashwa kwa mara ya kwanza asubuhi na usikilize. Taa nyekundu ya oili huchelewa kuzimika, na juu ya injini, kwenye tapeti na kamshafti zinazofungua valvu, husikika mlio mkavu wa kugongana kwa sekunde kadhaa, kisha hutulia. Katika sekunde hizo chuma kinasuguana kikiwa na utando mwembamba tu wa oili uliobaki tangu jana, kwa sababu oili nyingine yote ililala kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya injini, na pampu bado inaivuta. Katika injini za Toyota za VVT-i, zinazobadilisha zenyewe muda wa kufungua valvu, kuna sababu ya pili ya kujali: kifaa kinachobadilisha muda wa valvu huendeshwa kwa shinikizo la oili inayopita katika vijia vyembamba vyenye chujio dogo, na oili nzito kupita ilivyokusudiwa hukifanya kiitikie kwa uzito. Kwa hiyo Toyota Fielder au Vitz iliyotoka Japani ikiwa imepangiwa 0W-20 au 5W-30 usiiwekee 20W-50 kwa sababu tu imeanza kuzeeka. Kama inakula oili kidogo, 10W-40 ni hatua inayotosha, na kama inakula nyingi, tatizo liko kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, ambazo oili nzito haitazitengeneza.

Oili ya sintetiki husaidia hapa kwa sababu haina, au ina kidogo sana, ile nta ya asili inayoifanya oili ya kawaida ikaze kwenye baridi, na mnato wake haubadiliki sana joto linapopanda au kushuka. Inastahimili pia moto wa turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, bila kuungua na kuacha masizi magumu haraka. Mteja akikuuliza kama aweke oili nzito kwa sababu anashuka Kisumu kwenye joto, mweleze kwamba gari linalopanda hadi Mau Summit, likapita Kericho na kuteremka hadi Ahero hupitia hali zote hizo kwa siku moja, na oili yenye namba mbili ilitengenezwa kwa ajili ya safari kama hiyo. Fuata kitabu cha gari. Lori la Isuzu la dizeli lina mahitaji yake, mara nyingi 15W-40, na kwenye kopo tafuta daraja la API (taasisi ya Marekani inayopanga ubora wa oili) linaloanza na C, kama CI-4 au CK-4, kwa kuwa yanayoanza na S, kama SN au SP, ni ya petroli.

Sasa tufike kwenye muda. Sintetiki huchelewa kuchakaa kwa joto, lakini haina uwezo wa kuzuia vumbi, maji, petroli wala masizi visiingie ndani yake. Toyota huko Japani hupendekeza kilomita 15,000 au mwaka 1 kwa gari la petroli lisilo na turbo, lakini likiwa katika kazi ngumu kipimo hicho hupunguzwa kuwa kilomita 7,500 au miezi 6. Kazi ngumu kwa maelezo yao ni barabara mbovu, milima, na safari fupi za mara kwa mara zisizozidi kilomita 8. Msomaji wa Nakuru ataona mara moja kwamba hayo ni maisha ya karibu kila gari tunalolihudumia.

Safari fupi ndizo zinazowapotosha wanagenzi zaidi. Mchukue mwalimu wa Molo mwenye Vitz, anayeendesha kilomita 3 kwenda shuleni na 3 kurudi. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takriban lita 1 ya maji kama mvuke. Mvuke mwingi hutoka kwa ekzosi, ila sehemu yake hupenya kwenye ringi na kugeuka matone juu ya chuma baridi, na petroli isiyoungua hufuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida. Fungua kifuniko cha oili na utakuta upande wake wa ndani umeshika utando wa rangi ya krimu, laini kama siagi. Fundi mwenye haraka atatangaza kwamba gasketi ya hedi, inayozuia maji ya rejeta yasiingie kwenye oili, imekufa na kuanza kufungua injini. Tafadhali usifanye hivyo. Vuta kijiti cha kupimia oili: kama oili yenyewe ni safi na haina rangi ya maziwa, na kama maji ya rejeta hayapungui, pangusa kifuniko hicho, mwambie mwalimu aende Nakuru na kurudi, kisha ukague tena. Mara nyingi utando hautarudi. Gari hilo huenda lisifikishe hata kilomita 2,000 kwa mwaka, lakini oili yake ibadilishwe kila miezi 6, iwe ya sintetiki au siyo.

Kijiti hicho hicho kikionyesha oili imepanda kupita alama ya juu bila mtu kuongeza, inuse. Harufu ya petroli au dizeli maana yake oili imechanganyika na mafuta hayo, imekuwa nyepesi, na haingoji kilomita zitimie. Rangi nyeusi peke yake haikuambii kitu katika dizeli, kwa kuwa viambato vya oili vina kazi ya kubeba masizi yasitulie, na oili mpya huwa nyeusi baada ya muda mfupi tu.

Matatu ya Nakuru hadi Kisumu, ingawa hutembea sana, huitendea oili yake wema kuliko gari la mwalimu, kwa sababu injini ikishapata moto wa safari ndefu, maji hukauka yenyewe. Kwa petroli na sintetiki halisi mimi huandika kilomita 7,500 kwenye kibandiko cha sevisi, na kwa dizeli yenye turbo sizidishi 5,000. Gari la mjini ni jambo jingine, nalo huandikiwa 5,000. Likitembea kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, kilomita 5,000 ni saa 250 za injini, ilhali lile la barabara kuu linalokwenda 60 kwa saa hutumia saa 83 hivi. Trekta nyingi za mashamba ya Njoro na Uasin Gishu hupangiwa sevisi kwa saa, na 250 ni kipimo cha kawaida kwao, kwa hiyo mnaweza kuona kwamba namba ya 5,000 kwa gari la mjini haikutolewa hewani. Gari la barabara ya murram kule Kuresoi likaguliwe filta ya hewa kila linapoletwa, kwa sababu chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha bearingi na hakuna oili inayoziyeyusha.

Unapomwaga oili, imwage injini ikiwa vuguvugu, hakikisha raba ya filta ya zamani haikubaki imegandamana na injini, na usimwage iliyotumika mtaroni, kwani mvua huipeleka Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kuitoa. Kisha andika kibandiko: namba ya oili, kilomita za kurudi, na tarehe ya kurudi, ukimwambia mteja kwamba kitakachotangulia kufika kati ya hivyo viwili vya mwisho ndicho cha kufuatwa.