Kadi ya picha siyo dawa ya kuchelewa
Umeuliza kama ununue kadi ya picha ili gemu za zamani za Super Nintendo unazocheza kwenye kompyuta zisichelewe kuitikia ukibonyeza kitufe. Hapana yakhe, hiyo kadi haitaondoa kuchelewa huko. Anza na runinga. Fremu moja ya gemu hizo, yaani picha moja inayopita kwenye skrini, ni kama milisekunde 16.7 tu, na runinga nyingi zinazong'arisha picha zenyewe hula mara kadhaa ya muda huo kabla hujaona kitu.

Mpwa wangu hapa Majengo nilimtengenezea mashine ya gemu kwa kikompyuta cha ofisi cha mtumba, Core i5 kizazi cha 6, ramu GB 8. Akibonyeza kuruka, Mario keshatumbukia shimoni. Tukailaumu mashine siku mbili nzima! Kumbe dawa iko kwenye rimoti tu: nikawasha hali ya gemu (Game Mode) kwenye runinga, ile inayopunguza kung'arisha picha, kontrola nikaichomeka kwa waya badala ya Bluetooth, mambo yakanyooka.

Kilichobaki kimalizie ndani ya RetroArch, programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye kompyuta. Tangu 2018 ina kitu kinaitwa Run-Ahead, kinachopiga hesabu ya fremu za mbele na kufuta kuchelewa kulikomo ndani ya gemu yenyewe. Weka fremu 1, ujaribu, ndipo uongeze. Ukizidisha picha inarukaruka. Hiyo kazi inakula prosesa, kwa hivyo pesa ya kadi itie huko.

Ila kama roho yako iko kwa PlayStation 2, hapo kadi utaihitaji. Na kifeni ukipulize vumbi mara kwa mara, joto letu hili walijua.