Kuenenda nuruni: mambo ya kushika mapema kwa anayeanza

Wengi wanaoanza somo hili huja na picha moja kichwani: nuru ni upande wetu, giza ni upande wao. Giza ni wachawi, ni mapepo, ni jirani asiyesali. Nuru ni sisi tuliookoka. Achana na picha hiyo mapema, maana ukibaki nayo utaisoma Biblia nzima ukitafuta giza la wenzako. Waraka wa kwanza wa Yohana unaelekeza kidole kwingine kabisa: anayesema yumo nuruni huku anamchukia ndugu yake, yumo gizani hata sasa (2:9). Walioandikiwa maneno hayo ni watu wa kanisani.

Basi anzia hapo hapo. Soma 1 Yohana 1:5 hadi 2:11, kifungu kile kile, kwa siku saba mfululizo, kabla hujagusa kingine. Ni mistari 17 tu; ukiisoma kwa sauti haimalizi dakika tano. Shika penseli na upige mstari kila penye “tukisema” na “asemaye”. Utavikuta vyote sita: “tukisema” katika 1:6, 1:8 na 1:10, kisha “asemaye” katika 2:4, 2:6 na 2:9. Kila mara Yohana anauweka ulimi upande mmoja na maisha upande mwingine, kisha anapima. Halafu rudi kwenye mstari wa 1:7 ukae nao. Mstari huo unasema tukienenda nuruni, damu ya Yesu yatusafisha dhambi yote. Anayesafishwa ana uchafu wa kusafishwa. Kwa hiyo anayeenenda nuruni bado hukosa. Tofauti yake na anayekwenda gizani ni kwamba yeye hafichi. Mafundisho mengine yote ya jambo hili yanasimama juu ya hilo, na asiyelielewa huishia kwenye mojawapo ya mashimo mawili: kujifanya hana dhambi, au kukata tamaa kila anapoanguka.

Wiki ya pili panua kidogo: Yohana 3:19-21, Yohana 8:12, Yohana 12:35-46, Waefeso 5:8-14, Warumi 13:11-14. Kifungu kimoja kwa siku kinatosha. Katika Warumi 13:13 angalia Paulo anavyoyataja matendo ya giza: ulevi na uasherati wamo, lakini ugomvi na wivu wamo kwenye orodha hiyo hiyo. Makanisa mengi huwatenga washirika kwa yale ya mwanzo na kuwapa uongozi wenye haya ya mwisho. Na ukiendelea na Injili ya Yohana, utaona kwamba baada ya 12:46 Yesu hasemi tena habari za nuru. Katika 13:30 Yuda anatoka, nako ni usiku. Katika 18:3 askari wanakuja kumkamata wakiwa na taa na mienge. Yohana haongezi maelezo yoyote hapo, nawe ukifundisha usiongeze mengi.

Kifungu kinachopotoshwa kuliko vyote ni Mathayo 6:22-23, habari ya jicho kuwa taa ya mwili. Kwa kawaida huhubiriwa kuhusu picha chafu na filamu. Onyo hilo lina mahali pake, lakini hebu tazama majirani wa kifungu. Mistari 19-21 inahusu hazina duniani na hazina mbinguni. Mstari wa 24 unahusu kutumikia Mungu na mali. Jicho limewekwa katikati ya pesa. Ukitaka kujua mwili wako una nuru kiasi gani, fungua orodha ya matumizi yako ya mwezi uliopita, uone kilichotoka kwa ajili ya wengine na ulichokitoa kwa kinyongo.

Sasa zoezi la kila siku. Uchunguzi wa dhamiri ulikuwepo katika Kanisa tangu zamani, ila mpangilio unaotumika sana ni wa Ignatius wa Loyola (1491–1556), padri Mkatoliki mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, wenye hatua tano. Waprotestanti nao wanaweza kuutumia bila shida yoyote. Tenga dakika 15 jioni, kabla hujapanda kitandani, maana ukilala kwanza utasinzia katika hatua ya pili. Kwanza mshukuru Mungu kwa mambo mawili au matatu ya siku hiyo, ukiyataja kwa majina. Pili omba akuonyeshe, kwa sababu mtu hawezi kujimulika mwenyewe bila kupendelea. Tatu pitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka. Hatua hii ndiyo ndefu, ipe dakika saba au nane. Nne omba msamaha. Tano kusudia jambo moja la kesho, moja tu, lenye saa na mahali.

Wanaoanza huharibu zoezi hili kwa kuruka shukrani na kuingia moja kwa moja kwenye makosa. Baada ya wiki mbili jioni inakuwa mahakama, nao wanaacha. Kosa la pili ni kuungama kwa jumla. “Bwana, leo nimekukosea sana” ni sentensi inayofaa siku yoyote, kwa hiyo haimuliki siku hata moja. Linganisha na hii: “Saa nne asubuhi mkuu wangu aliuliza kama ripoti iko tayari, nikamjibu bado kidogo, na sikuwa hata nimeifungua.” Hapo pana saa, pana mtu, pana maneno yaliyosemwa, na kesho yake kuna la kufanya. Uongo mdogo wa namna hiyo, na ule wa kuandika “niko njiani” ukiwa bado unatafuta viatu, ndio mahali pazuri pa kuanzia. Ukizoea kuungama madogo, siku ya kujaribiwa kuficha kubwa ulimi utakuwa tayari umezoea kusema kweli.

Kosa likishaonekana, swali ni kuliungama kwa nani. Kanuni tunayowapa wanafunzi ni kwamba maungamo yasipite mipaka ya kosa. Wazo baya lililobaki moyoni liungame kwa Mungu. Uliyemkosea mtu, mwendee mtu huyo. Uliyekosa mbele ya kikundi, sema mbele ya kikundi hicho. Juu ya hayo, kila mtu awe na mmoja anayemjua kwa ndani: mchungaji, padri katika kitubio, au Mkristo mkomavu wa jinsia yake asiyetoa siri. Yakobo 5:16 inaunganisha kuungamiana na kuombeana, kwa hiyo anayesikiliza bila kuombea amefanya nusu ya kazi.

Unapomwendea uliyemkosea, sentensi tatu zinatosha. Taja tendo. Kiri kwamba lilikuwa kosa lako. Omba msamaha, kisha nyamaza. Usitie “lakini” popote. Usiseme “kama nilikukosea,” kwa sababu hilo “kama” linamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha. Wala usimdai akusamehe papo hapo. Ana haki ya kuchukua muda. Kama jambo lenyewe yeye halijui, na kumwambia kutamwumiza yeye na kukupunguzia mzigo wewe tu, mwulize kwanza mlezi wako wa kiroho. Siyo kila uwazi ni upendo.

Palipo na mali, maneno hayatoshi. Walawi 6:1-5 inataka aliyedhulumu arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano: aliyechukua 50 hurudisha 60. Zakayo alijitolea kulipa mara nne (Luka 19:8). Mkristo hafungwi na hesabu hiyo kama sheria, ila inaonyesha kwamba kurudisha kunatakiwa kugharimu. Huna zote? Andika mpango wa kulipa kidogo kidogo, mpe nakala unayemlipa, uanze mwezi huo huo.

Kuungama hadharani kuna historia yake. Katika uamsho wa Afrika Mashariki, uliovuma kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, kutembea nuruni kulimaanisha hasa kusema dhambi waziwazi mbele ya ndugu, kupatana na kurudisha mali ya watu, na matunda yake yalikuwa mengi. Hatari zake nazo zinajulikana. Mtu anaungama na kuwataja alioshirikiana nao bila ridhaa yao. Mwingine anasimulia uzinzi kwa kina hadi wasikilizaji wanapata majaribu mapya. Mwingine anaona ushuhuda wenye giza nene ndio unaosifiwa, naye anaongeza chumvi. Ukiongoza kikundi, weka masharti kabla ya kuanza: jitaje mwenyewe tu, taja dhambi bila kuichora, na yanayosemwa yasitoke nje.

Sharti hilo la mwisho lina mpaka wake. Mtoto anayedhulumiwa, mke anayepigwa, fedha za watu zilizoibwa: haya hayafungiwi ndani ya kikundi kwa jina la msamaha. Waefeso 5:11 inasema tusishirikiane na matendo ya giza bali tuyakemee, na kukemea hapo ni pamoja na kupeleka taarifa kwa vyombo vya sheria na kumweka salama aliyeumizwa. Kiongozi anayesema “tuyamalize kiroho” anaongeza giza juu ya giza.

Hapo hapo tuzungumzie nuru bandia, kwa maana Paulo ameonya kwamba Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru (2 Wakorintho 11:14). Kipimo kiko Waefeso 5:9, tunda la nuru ni wema, haki na kweli. Vyote vitatu kwa pamoja. Mwalimu anaweza kuwa mpole sana na bado mahesabu yake hayaonekani. Mwingine anasema kweli kwa ukatili. Ukisikia “huu ni ufunuo, usimwambie mtu,” au ukikatazwa kuuliza swali, au ukiambiwa utume pesa kwanza ndipo upate maelezo, ondoka. Yohana mwenyewe ameagiza roho zijaribiwe (1 Yohana 4:1), kwa hiyo kuuliza ni utii.

Wapo wanaohangaishwa na Mathayo 5:16, nuru yenu iangaze mbele ya watu, wakiiweka kando ya 6:1-4 inayokataza kufanya wema ili tutazamwe. Ya kwanza inaishia na watu kumtukuza Baba. Kama baada ya sadaka yako wanaokumbukwa ni wewe na picha zako, umejijibu.

Limebaki giza ambalo si dhambi, nalo ndilo linaloumiza wanafunzi wenye bidii. Musa alilikaribia lile giza alipokuwapo Mungu (Kutoka 20:21). Zaburi 88 inaishia gizani kabisa, bila neno la faraja mwishoni, na bado ni sala. Isaya 50:10 inamtaja amchaye Bwana anayekwenda gizani wala hana nuru, na haimwambii atubu. Inamwambia alitumainie jina la Bwana. Yohane wa Msalaba (1542–1591), padri mtawa wa Hispania, aliandika kwa kirefu juu ya usiku huu wa roho. Mtu akikujia akisema sala imekauka na Mungu yuko kimya, muulize kwanza kwa upole kama kuna jambo analolificha. Likiwepo, mnajua la kufanya. Lisipokuwepo, usimtafutie. Mwambie ashike ratiba yake ya sala hata kama hasikii kitu, apunguze muda badala ya kuacha, na asibadilishe uamuzi mkubwa wa maisha katika kipindi hicho.

Huzuni ikipita wiki mbili, akawa hapati usingizi, hataki kula, au anazungumza habari za kufa, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Akitaja kufa, usingoje hata siku ya pili, wala usimwache peke yake. Huo ni ugonjwa unaotibika, na dawa haipingani na imani. Zoezi la jioni lisimamishwe hadi apate nafuu, kwa sababu akili iliyougua hujihukumu kwa makosa ambayo hayapo. Badala yake, mtu mmoja akae naye kila jioni na kumsomea zaburi fupi kwa sauti, bila kumhoji chochote.