Paulo hakujiita mpiga makasia

Ndugu, unasema 1 Wakorintho 4:1 inawaita watumishi wa Kristo wapiga makasia wa chini melini; hapana, haisemi hivyo. Neno la Kigiriki pale, hupēretēs, kweli limejengwa juu ya neno la mpiga makasia (wahubiri wanaipenda mno asili hiyo!), ila enzi za Paulo lilishakuwa neno la kawaida la mtu wa kupokea maagizo. Fungua Luka 4:20: Yesu anakifunga chuo (kitabu cha kukunja), anamrudishia "mtumishi". Neno ni hilohilo, na ndani ya sinagogi la Nazareti hapakuwa na meli. Unyenyekevu wenyewe uko palepale lakini. Katika 1 Wakorintho 3:5 Paulo anajiita yeye na mhubiri mwenzake Apolo diakonoi, neno jingine la Kigiriki la watumishi, kama wale waliojaza maji mabalasi kule Kana, Yohana 2.