Ukiupenda Mnyama, Ujue Mwili Wake

Wengi wanaoumiza wanyama hawana roho mbaya. Wanawatendea kama wangemtendea binadamu, au kama walivyokuta wenzao wakifanya, bila kujua mwili wa mnyama umeumbwaje.

Tuanze na kuku, maana mateso yake hufanyika hadharani na hakuna anayegeuza shingo. Kumbeba kwa miguu, kichwa chini, kumezoeleka mno. Lakini kuku hana kiwambo kinachotenga mapafu na tumbo kama tulichonacho sisi. Akining'inizwa, ini, firigisi na utumbo hulalia vifuko vyake vya hewa, na pumzi inambana. Hupiga mabawa, kisha hunyamaza, na watu husema ametulia. Hajatulia, amechoka na ana hofu. Nyonga huteguka hivyo hivyo, na mabawa huvunjika.

Mkamate jioni au kwenye mwanga hafifu, kwa sababu kuku haoni vizuri gizani na hakimbii ovyo. Yafunike mabawa yote mawili kwa viganja, mnyanyue, kisha pitisha kiganja kimoja chini ya kifua, miguu ikae katikati ya vidole. Mwegemeze ubavuni mwako na mkono wa pili ushike mabawa. Utausikia moyo wake ukipiga kwa kasi chini ya vidole, halafu taratibu ukipungua. Wakiwa wengi, watie kwenye tenga lenye matundu na sakafu isiyoteleza, kila mmoja aweze kukaa bila kukanyagwa na mwenzake.

Mbwa naye adui yake ni joto. Hatoki jasho mwilini ila kidogo tu kwenye nyayo, kwa hiyo hujipoza kwa kuhema. Anayemfunga chini ya mti saa mbili asubuhi asisahau kwamba kivuli huhama: saa nane mchana mbwa yuko juani, mnyororo umejizungusha kwenye shina, na bakuli limepinduka. Maji anayohitaji kwa siku ni takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 20 hunywa lita moja au zaidi kidogo, na jua kali au kunyonyesha huongeza sana. Tumia bakuli zito lenye kitako kipana.

Ukimkuta anahema kwa kasi, mate mazito, fizi nyekundu kupita kawaida, anayumba, usianze kwa kutafuta gari. Mpoze kwanza: mtoe juani, mmwagie maji ya bomba mwili mzima na mpepee bila kuacha, ndipo mpelekwe kwa daktari wa mifugo. Taulo bichi lililoachwa mgongoni huzuia joto lisitoke. Usimlazimishe kunywa, maji yatamwingia mapafuni. Hata akisimama na kutikisa mkia, mpeleke, kwani madhara ya figo na ini huonekana baadaye.

Jikoni nako kuna hatari. Vitunguu vya aina zote, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Chokoleti na zabibu ni sumu kwa mbwa. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali. Paka mkubwa mara nyingi hawezi kusaga maziwa ya ng'ombe, atahara, mpe maji. Na paracetamol asipewe kabisa: kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Kwa panya, tupa gundi. Panya aliyenaswa hukaa saa nyingi, hata siku, akijinyofoa ngozi. Sumu inayozuia damu kuganda nayo humchukua siku kadhaa kumuua, na wakati huo anatembea kizembe, akiliwa na bundi au paka, ambao nao hudhurika. Dawa ya kweli ni kuziba. Panya mdogo hupenya tundu la milimita 6 tu, basi jaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha saruji juu yake, na chakula kikae kwenye vyombo vyenye mifuniko migumu. Ikibidi kuua, tumia mtego wa kubana, ule unaomaliza papo hapo, uuweke kando ya ukuta na kuukagua kila asubuhi.

Mwisho ni kinda aliyeanguka. Asiye na manyoya mrudishe kiotani. Harufu ya mkono wako haimfukuzi mama yake. Mwenye manyoya anayerukaruka chini anajifunza kuruka, na wazazi wako karibu wanamlisha. Fungia paka ndani, sogea mbali umwangalie, wala usimdondoshee maji mdomoni: tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, na tone moja laweza kumpalia.